Mazoezi ya Mwili kwa Mama Mja Mzito

Hotuba kwa akina mama wa mijini na mashambani, na kwa waume na wazee walio nao nyumbani



Iko methali ya Kiswahili isemayo, "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana." Maana yake ni kumkumbusha mzazi kwamba taabu ya miezi tisa ni ndogo ikilinganishwa na miaka mingi ya kumlisha mtoto, kumvika na kumfunza adabu. Jambo hilo ni kweli. Walakini wako watu walioichukua methali hiyo kwa namna nyingine, wakadhani ya kuwa mimba hujilea yenyewe, na kwamba mama hana haja ya kuangaliwa mpaka siku ya uchungu ifike. Hapo ndipo kosa lilipo. Mimba nayo hulelewa, na mojawapo ya njia za kuilea ni kuupa mwili wa mama mwendo wa kiasi kila siku, na kuupunguzia mizigo.

Mambo hayo mawili, mwendo na mizigo, ndiyo shabaha ya hotuba hii, kwa maana watu huyachanganya mara nyingi. Mwanamke wa mashambani akiambiwa kwamba mja mzito yampasa kufanya mazoezi, hucheka akauliza, "Mazoezi gani tena? Aliyechota maji, akakata kuni, akalima, amebakiza nini?" Naye mwanamke wa mjini, aketiye kutwa nzima mbele ya cherehani au meza ya ofisi, huambiwa na jamaa zake atulie kitini, asiinuke mara kwa mara, asije akaidhuru mimba. Wote wawili wamepungukiwa. Mmoja ana kazi kupita kiasi, na mwenziwe hana mwendo wa kutosha. Kila mmoja ana dawa yake, na dawa hizo si moja.

MWILI WA MAMA HUBADILIKA

Kabla ya kusema juu ya mazoezi, yafaa kufahamu jinsi mwili wa mja mzito ulivyo. Tangu miezi ya kwanza damu yake huanza kuongezeka, na mimba inapokaribia kutimia maji ya damu huwa yamezidi kwa karibu nusu ya kadiri yalivyokuwa hapo mwanzo. Moyo hupiga upesi zaidi, na kila dakika husukuma damu nyingi kuliko desturi yake, kwa sababu unawatumikia watu wawili. Kwa hiyo mama aweza kutweta akipanda kilima kidogo ambacho mwaka uliopita alikipanda bila kufikiri.

Tena viungo vya nyonga na vya mgongo hulegea. Mwili wenyewe hutengeneza vitu vya kulainisha kano, ili mtoto apate nafasi ya kupita siku ya kuzaliwa. Tumbo nalo likikua huvuta mbele, na mama hujipinda kiuno nyuma ili asianguke. Hiyo ndiyo sababu ya maumivu ya mgongo ambayo waja wazito wengi huyalalamikia.

Mabadiliko hayo yana mafunzo mawili. Kwanza, moyo, mapafu na misuli ya mama vina kazi kubwa mbele yao, nayo kazi hiyo huwa nyepesi kwa mwili uliozoezwa. Pili, viungo vilivyolegea havipendi mizigo mizito, wala kurukaruka, wala kugeuka kwa ghafula. Mwili wa mja mzito unataka kutembezwa, hautaki kulemewa.

MADAKTARI WALIVYOFIKIRI ZAMANI NA SASA

Kwa muda mrefu hata madaktari waliogopa kuwaruhusu waja wazito kufanya mazoezi. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani kilitoa shauri la kwamba moyo wa mama mja mzito usipige zaidi ya mara 140 kwa dakika moja, na mazoezi ya nguvu yasizidi dakika 15. Hofu yao ilikuwa kwamba damu ingekimbilia misuli, mtoto akakosa hewa, au kwamba joto la mwili lingemdhuru. Lakini kadiri uchunguzi ulivyoongezeka, ilionekana kwamba mama mwenye afya, afanyaye mazoezi ya kiasi, hamdhuru mtoto wake. Mwaka 1994 chama hicho kiliiondoa ile hesabu ya mapigo ya moyo.

Mwaka 2019 wataalamu wa Kanada walitoa maongozi mapya baada ya kukusanya na kupima uchunguzi mwingi uliofanywa katika nchi mbalimbali. Waliona kwamba wanawake waliopewa mazoezi wakati wa uja uzito walipungukiwa na hatari ya kisukari cha mimba, ya shinikizo la damu la mimba, na ya ule ugonjwa wa shinikizo la damu unaotangulia kifafa cha mimba. Hatari hizo zilipungua kwa karibu sehemu 40 katika kila 100. Tena hawakuona kwamba mazoezi hayo yaliongeza kuharibika kwa mimba, wala kuzaliwa kwa watoto kabla ya wakati, wala watoto wenye uzito mdogo.

Mwaka uliofuata, yaani 2020, Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri lake kwa nchi zote. Lilisema kwamba mwanamke mjamzito, na vile vile aliyekwisha kuzaa, kama hana ugonjwa wa kumzuia, afanye mazoezi ya kiasi kwa muda wa dakika 150 au zaidi katika juma moja. Dakika hizo ni nusu saa kwa siku, siku tano katika juma. Hicho si kipimo kikubwa. Ni mwendo wa kutoka nyumbani mpaka sokoni na kurudi, kwa watu wengi.

FAIDA ZAKE

Mtu aweza kuuliza, kutembea kwa miguu kunawezaje kuzuia kisukari? Jibu lake si gumu. Misuli ikifanya kazi hula sukari iliyomo katika damu. Katika uja uzito mwili wa mama hukawia kuitumia sukari hiyo, na ikizidi humfikia mtoto, naye hunenepa kupita kiasi, hata kuzaliwa kwake kukawa na shida. Mama anapotembea kila siku, misuli yake huisaidia damu kupunguza sukari.

Faida nyingine huonekana upesi zaidi. Maumivu ya mgongo na ya nyonga hupungua ukali. Choo kigumu hulainika. Miguu iliyovimba kwa kukaa hupata nafuu, kwa sababu misuli ya ndama za miguu husukuma damu kurudi juu moyoni. Mama hapati unene uliozidi haja.

Iko na faida ya moyo, si moyo huu wa nyama, bali ule wa furaha na huzuni. Waja wazito wengi hushikwa na huzuni wasiyoweza kuieleza, wakaogopa kusema wasije wakaambiwa wanadeka. Wataalamu wameona kwamba wanawake wafanyao mazoezi hupatwa na huzuni hiyo kwa uchache zaidi. Nao watembeao pamoja na rafiki au jirani hupata faida mara mbili, kwa kuwa njiani hutoa yaliyo moyoni.

Lakini isidhaniwe kwamba mazoezi ni dawa ya kila jambo. Mwaka 2014, Uchunguzi wa Afya na Idadi ya Watu wa Kenya ulionyesha kwamba katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 362 walikufa kwa sababu za uja uzito na uzazi. Wengi wa akina mama wafao hivyo katika nchi kama hizi hufa kwa kutokwa na damu nyingi, kwa shinikizo la damu, na kwa kuoza kwa ndani baada ya kuzaa. Kutembea hakuzuii damu kutoka baada ya kuzaa. Mkunga aliyefunzwa, dawa na hospitali ndivyo viokoavyo. Kwa hiyo mazoezi hayachukui mahali pa kliniki. Shauri la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2016 ni kwamba mama aonane na wauguzi mara 8 kabla ya kuzaa, na mara ya kwanza iwe kabla ya juma la 12 kupita. Huko kliniki ndiko atakakopimwa damu na shinikizo lake, na kuambiwa kama mazoezi yanamfaa.

KAZI NGUMU SI MAZOEZI

Sasa lile swali la mwanamke wa mashambani lijibiwe. Mwaka 1986 lilichapwa katika gazeti la kitaalamu la Nature tangazo la uchunguzi uliofanywa hapa Kenya juu ya wanawake wa Kijaluo, wabebao mizigo kichwani, na wa Kikuyu, wabebao mgongoni kwa ukanda upitao katika paji la uso. Wataalamu walipima hewa waliyoivuta walipokuwa wakitembea, wapate kujua nguvu waliyoitumia. Wakastaajabu. Wanawake hao waliweza kuchukua mzigo wa sehemu 20 katika 100 za uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi kuliko walipotembea mikono mitupu. Mzigo ulipozidi kipimo hicho, ndipo nguvu iliyotumika ilipoanza kuongezeka.

Habari hiyo ni ya kuwapa sifa wanawake wa nchi hii. Lakini yafaa isomwe pamoja na hesabu. Mwanamke mwenye uzito wa kilo 60, sehemu 20 katika 100 za uzito wake ni kilo 12. Debe la lita 20 lililojaa maji ni kilo 20, bila kuhesabu uzito wa debe lenyewe. Hiyo ni theluthi ya uzito wake, tena yazidi mbali kile kipimo. Mzigo wa kuni mbichi waweza kuzidi hata huo. Na uchunguzi ule ulikuwa juu ya nguvu ya mwili tu, haukuwa juu ya mimba. Mja mzito amekwisha kubeba mtoto, kondo la nyuma, maji ya uzazi na ile damu iliyoongezeka, mzigo ambao hautuliwi mchana wala usiku.

Yako mambo mengine yaliyoonekana katika nchi za mbali ambayo yanafanana na ya hapa. Mwaka 2003 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa vijiji vilivyo karibu na mji wa Pune, katika Bara Hindi, ambako wanawake hulima na kuchota maji kama walivyo wengi wa Afrika Mashariki. Ilionekana kwamba wanawake waliokuwa na kazi nyingi zaidi wakati wa mimba walizaa watoto wadogo zaidi.

Katika nchi ya Gambia, Afrika ya Magharibi, watafiti waliona kwamba watoto waliozaliwa katika majira ya mvua, wakati chakula ghalani kimepungua na kazi ya shamba ni nyingi, walikuwa na uzito mdogo kuliko wale wa majira ya mavuno. Basi waja wazito wakapewa kila siku biskuti zilizotengenezwa kwa karanga na unga wa mchele. Matokeo yalitangazwa mwaka 1997: watoto wa majira ya njaa waliongezeka uzito kwa gramu 201, na wale wa majira ya mavuno kwa gramu 94. Chakula kilekile kilifaa zaidi pale ambapo kazi ilikuwa nyingi na ghala lilikuwa tupu.

Fundisho lake ni wazi. Chakula na kazi hupimwa katika mizani moja. Mama akifanya kazi nzito na chakula ni kidogo, kinachopungua ni fungu la mtoto. Mazoezi mema humwacha mama akiwa mchangamfu, naye aweza kuyaacha wakati apendapo. Kazi ngumu humwacha hoi, wala hana ruhusa ya kuiacha, kwa kuwa maji hayajafika na moto haujawaka. Hiyo ndiyo tofauti.

WAJIBU WA MUME NA WA NYUMBA NZIMA

Wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Aonaye mwingine akiubeba hudhani ni mwepesi. Mume ambaye hajapata kulibeba debe la maji kutoka mtoni hawezi kujua uzito wake. Na alibebe siku moja, atajua.

Haifai kumwambia mja mzito apunguze mizigo bila kumwonyesha ni nani atakayeibeba. Mambo yafuatayo yaweza kufanyika katika nyumba nyingi, hata zisizo na fedha. Mume, au vijana wake wa kiume, wachote maji ya nyumba. Mwenye punda, baiskeli au mkokoteni autumie kwa maji na kuni. Asiyekuwa na kitu cho chote, na mama ikiwa hana budi kuchota mwenyewe, achukue nusu debe, tena asikiinue chombo peke yake kutoka chini, jirani amtwike. Kuni zipasuliwe, zifungwe katika matita madogo. Wakati wa kulima, mama apewe kazi ya kupanda au kuchambua, si ya kung'oa visiki, na mchana wa jua kali apumzike kivulini. Na sahani yake isiwe ya mwisho kupakuliwa.

Mama mkwe naye ana neno kubwa katika jambo hili. Wako wazee wasemao, "Sisi tulilima mpaka siku ya kuzaa." Ni kweli walilima, na wengi wao waliokoka. Lakini katika kila ukoo wako na wale wasiokuwapo tena kusimulia.

MAZOEZI YENYEWE

Mazoezi yafaayo hayana gharama, wala hayahitaji nguo za namna ya pekee.

La kwanza ni kutembea. Mama avae viatu visivyo na visigino virefu, ashike njia isiyo na utelezi, atembee asubuhi au jioni kabla ya jua kuwa kali. Asiyezoea na aanze kwa dakika 10, kisha aongeze kidogo kidogo mpaka nusu saa. Kipimo cha kiasi ni pumzi. Mama akiweza kuzungumza na mwenziwe huku anatembea, lakini hawezi kuimba, mwendo huo ni wa kiasi. Akiwa hawezi kumaliza maneno machache bila kutweta, amepita kiasi, na apunguze.

La pili ni la mgongo. Mama akae juu ya mkeka kwa mikono na magoti, kama mtoto atambaaye. Aupandishe mgongo taratibu kama paka ajinyooshaye, kisha aurudishe uwe sawa, asiuache ukabonyea chini. Afanye hivyo mara chache, akivuta pumzi bila kuizuia.

La tatu ni la miguu. Mama ashike mlango au kiti kizito, achuchumae kidogo huku mgongo umenyooka, kisha ainuke. Aweza pia kusimama akiuelekea ukuta, akauegemea kwa mikono miwili na kuusukuma, ili mikono ipate nguvu ya kumbeba mtoto baadaye.

La nne halionekani kwa macho, nalo lina faida kubwa. Chini ya nyonga iko misuli ibebayo tumbo la uzazi, kibofu na utumbo. Misuli hiyo ikilegea, mama hupatwa na aibu ya kutokwa na mkojo akikohoa au akicheka, na wengi huificha aibu hiyo miaka mingi. Daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika mwaka 1948 juu ya kuizoeza misuli hiyo, na hata leo mazoezi hayo huitwa kwa jina lake. Mama aikaze kama mtu azuiaye mkojo na upepo kwa pamoja, ahesabu mpaka 6 au 8, kisha ailegeze na kupumzika. Arudie mara 8 mpaka 12, mara tatu kwa siku. Aweza kufanya hivyo akipika, akishona, au akiwa katika matatu, wala hakuna atakayejua.

Kwa mwanamke wa mjini liko na la tano, nalo ni kuacha kukaa. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza alitangaza uchunguzi juu ya watumishi wa mabasi ya London. Madereva, waliokaa kitako siku nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa wakiuza tikiti. Watu hao walikuwa wanaume, lakini uchunguzi ule ulifungua macho ya ulimwengu juu ya madhara ya kukaa, na shauri la mwaka 2020 la Shirika la Afya Duniani linawaonya waja wazito vile vile wapunguze muda wa kukaa. Mshoni, karani, mwuza duka na mwalimu wainuke mara kwa mara, watembee hatua chache. Asafiriye kwa basi kutoka Nairobi mpaka Mombasa ashuke kila linaposimama, na akiwa kitini azungushe vifundo vya miguu, ili damu isigande miguuni.

MAMBO YA KUEPUKWA

Mja mzito aepuke michezo ya kugongana, na kila jambo liwezalo kumwangusha, kama kupanda mti kuangua matunda au kusimama juu ya ngazi isiyo imara. Asifanye mazoezi katika joto kali, hasa Pwani na katika nchi kavu za kaskazini, wala wakati ana homa. Anywe maji kabla na baada. Baada ya miezi mitatu ya kwanza, asifanye mazoezi akiwa amelala chali, kwa maana tumbo hukandamiza mshipa mkubwa urudishao damu moyoni, naye aweza kuona kizunguzungu. Tena mwanamke aliyezoea nchi ya chini asijaribu mazoezi ya nguvu katika milima mirefu.

Wako ambao hawafai kuanza bila idhini ya daktari: mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, mwenye upungufu mkubwa wa damu, mwenye shinikizo la damu lililopanda, mwenye mimba ya mapacha, mwenye kondo la nyuma lililokaa chini penye mlango wa tumbo la uzazi, na yule aliyeambiwa kwamba mtoto wake hakui vizuri au kwamba aweza kuzaa kabla ya wakati.

Na mama ye yote, hata mwenye afya, aache mara moja na kwenda hospitali akiona mojawapo ya dalili hizi: damu au maji yakitoka ukeni, uchungu wa tumbo ujao na kurudi, maumivu ya kifua, kutweta kabla hata hajaanza, kizunguzungu, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, au ndama moja ya mguu kuvimba na kuuma. Kadhalika, mtoto akipunguza kucheza tumboni, mama asingoje kesho.

BAADA YA KUZAA

Shauri la mazoezi haliishii siku ya kuzaa. Aliyezaa salama na aanze tena polepole, kwa kutembea kidogo na kwa mazoezi ya ile misuli ya chini, kadiri nguvu zimrudiavyo. Aliyepasuliwa tumbo angoje ruhusa ya daktari, na mizigo aiache mpaka kidonda kipone. Kumtoa mama kitandani juma la kwanza ili akachote maji si mazoezi, ni dhuluma.

Watu wa Kenya wanao mfano wa wazi kwamba uzazi haumnyang'anyi mwanamke nguvu zake. Vivian Cheruiyot alizaa mwaka 2013, na mwaka 2016 alishinda medali ya dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Rio de Janeiro. Faith Kipyegon alizaa mwaka 2018, akashinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, na tena katika ile ya Paris mwaka 2024. Hao walikuwa wamezoezwa miaka mingi, nao walikuwa na waalimu na madaktari. Haifai mwanamke ye yote kuwaiga kwa mbio. Linalofaa kuigwa ni kwamba walipewa nafasi ya kuutunza mwili, wakarudi kwa daraja, na waliowazunguka waliwasaidia.

Basi kila nyumba yenye mja mzito na ijiulize maswali matatu. Je, mama huyu ametembea leo kwa raha yake, si kwa kutumwa? Ni mzigo gani alioubeba ambao mtu mwingine angeweza kuubeba? Na kliniki atakwenda lini? Nyumba yenye majibu mema kwa maswali hayo imekwisha kuanza kumlea mtoto kabla hajazaliwa.